Matatizo ya Hapa na Pale

Wanaonijua kazini watakuambia kwamba mimi ni yule supavaiza asiyetaka maneno ya kuzungushwa. Ukiniambia ile kitu imeharibika, nitakuuliza ni kitu gani, kimeharibikaje na tangu lini, tena nitakuuliza kwa sauti inayofika meza ya mwisho juu ya kelele zote za mashine. Nimejulikana hivyo kwa miaka, na kwa miaka nimejisifia. Ndiyo maana inaniuma kusimulia jinsi sentensi yangu moja, niliyoiandika nikiwa nimesimama, ilivyokaribia kumtoa mama mmoja kazini.

Kiwanda chetu kiko Thika na kinatengeneza biskuti. Si kikubwa. Biskuti hutoka tanuruni zikiwa moto, husafiri juu ya mkanda mrefu zikipoa, na mwisho wa mkanda kuna meza ambapo akina mama huzipanga kwenye pakiti. Mimi ndiye msimamizi wa meza hizo. Mama ninayemsema alikuwa wa meza ya tatu. Alitoka magharibi kama mimi, ila yeye ni wa upande wa Bungoma na mimi ni wa Vihiga, na kila mmoja wetu anaamini kwamba kwa akina mwenzake ugali hausongwi, unakorogwa. Anakaa mtaa wa Landless na watoto wawili, bila mume, na alikuwa amepanga biskuti mbele ya macho yangu kwa miaka minne, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja.

Mikataba ikikaribia kwisha, ofisi ya wafanyakazi hutuletea fomu. Ukishajaza mambo ya mahudhurio na usafi, chini kabisa unakuta mistari mitatu mitupu ya maoni ya msimamizi. Mwaka huo nililetewa fomu ishirini na moja, na hata bawabu wa getini alijua kwamba nafasi zilikuwa kumi na nane, kwa sababu kiwanda kilikuwa kimenunua mashine ya kufungia pakiti. Watu watatu wangeenda nyumbani mwisho wa mwezi. Jambo hilo nililijua vizuri nikiwa nimeshika kalamu, na siwezi kusema sikuambiwa.

Nilikuwa nimebakiza fomu nne, ya mama wa meza ya tatu ikiwa juu, simu ilipolia. Alikuwa ni mzee wa stoo yetu ya Ruiru.

"Kuna kashida kadogo huku," akasema. "Kadogo tu. Ukipata nafasi, kuja uone."

Nikamuuliza ni shida gani. Akasema ni ya kuona kwa macho. Nikamuuliza ni kubwa kiasi gani. Akasema si kubwa, ni ya kawaida, kisha akaniuliza kama watoto wangu hawajambo, kama mama yao hajambo, na kama Thika kulinyesha jana. Mtu mwenye akili angeshtuka hapo kwenye swali la mvua.

Mzee huyu ni mwenyeji wa Ruiru, Mkikuyu wa pale pale, na alianza kulinda ile stoo kabla mimi sijamaliza shule ya msingi. Ni mwaminifu, hanywi, hakosi kazini. Kasoro yake ni moja: habari zake hazina mwili. Miezi michache kabla ya siku hiyo alikuwa amenipigia akisema kuna shida kubwa sana, nije sasa hivi, niache kila kitu. Nilitoka kwenye mkutano, nikafika Ruiru nikihema, nikiwa tayari kukuta wezi au moto. Nilichokuta ni kuku. Kuku wa jirani alikuwa ameingia stoo na kutaga katikati ya katoni za biskuti za maziwa, na mzee alitaka shahidi kabla hajamtoa, isije ikasemekana kwamba yai limepotelea mikononi mwake.

Kwa hiyo niliposikia kashida kadogo, nilipiga hesabu yangu ya haraka. Kama shida kubwa ilikuwa kuku, kashida kadogo haiwezi kuzidi kifaranga. Lakini pikapu ya kampuni ilikuwa inatoka kuelekea Ruiru dakika ile ile, na nilikuwa na hamu ya kwenda kugombana. Nikaziweka zile fomu nne juu ya boneti ya pikapu, nikazimaliza nikiwa nimesimama, dereva akingurumisha injini kama mtu anayekohoa ili umpishe. Kwa mama wa meza ya tatu niliandika hivi: "Mfanyakazi mzuri, ila ana matatizo ya hapa na pale." Nikatia sahihi, nikampa karani apeleke juu, nikapanda.

Ruiru nilifungua mlango wa stoo nikaona mbingu. Mabati manne yalikuwa yameng'olewa na upepo wa usiku, na mvua ilikuwa imeingia ikakaa. Katoni zilizokuwa upande ule zilikuwa zimelainika, zimekaliana, na chini yake kulikuwa na uji wa biskuti wenye harufu nzuri ya vanila. Mzee alikuwa amekaa upande wenye paa, juu ya ndoo iliyopinduliwa, akinywa chai kwa biskuti ambazo, alinihakikishia, zilikuwa zimelowa hata hivyo.

Nilisema mengi ambayo nisingependa mama yangu ayasikie. Mzee alingoja nimalize. Kisha akanieleza, kwa upole wa mtu anayemfundisha mjukuu, kwamba habari mbaya haitupwi kwa simu kama jiwe.

"Sasa nikikwambia paa imeenda, wewe utakuja mbio, mgonge mtu pale barabarani. Nikikwambia ni kadogo, mtakuja polepole. Si mmefika salama?"

Nikamuuliza, na kuku je? Mbona kuku alikuwa shida kubwa?

"Kuku alikuwa anataka kuenda," akasema.

Nikikosa jibu huwa natunga sheria. Pale pale, nimesimama kwenye uji wa vanila, nikamwambia kwamba kuanzia siku hiyo sitaki kusikia tena kubwa wala kadogo. Kila habari inayotoka stoo ije na mambo matano: ni nini, kiko wapi, ni ngapi, tangu saa ngapi, na umefanya nini mpaka sasa. Aandike kwenye kikundi chetu cha Watsapu, kila mtu aone. Nikamwambia kwamba neno kidogo halina kipimo, kwamba mtu aliye Thika hawezi kuchukua fundi, turubai au lori kwa sababu ya neno kidogo, na kwamba aliyetunza maneno yake kwa heshima ametupotezea katoni mia moja na ishirini. Nilisema vizuri sana. Hata dereva alitikisa kichwa kwa kukubali. Na wakati nikisema hayo, sentensi yangu ya boneti ilikuwa inapanda ngazi kuelekea ofisi ya wafanyakazi.

Mzee ni mtu wa neno lake. Kesho yake asubuhi kikundi kilipokea habari hii: "Saa mbili na dakika kumi na nne. Panya mmoja, kijivu, mkia umekatika. Ameingia na mlango wa nyuma. Ametoka saa mbili na kumi na saba. Hajachukua kitu. Nimemwangalia tu. Anakaa kama ni mgeni."

Watu walicheka mpaka laini ya pili ya uzalishaji ikachelewa kuanza. Mimi sikucheka, kwa sababu mambo matano yote yalikuwemo na nilikuwa nimeyaomba mwenyewe. Mchana wake ikaja nyingine: "Dereva wa karatasi za pakiti amefika saa saba na nusu. Koti ya blu, kifungo ya pili hakuna. Amenisalimia vizuri. Bibi yake amejifungua msichana, kilo tatu na nusu, wote wazima. Nimempa hongera. Mzigo hajaleta." Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyokuwa habari. Sisi huku tulikuwa tumekwisha kuzima mashine ya pakiti kuingoja karatasi hiyo, na tulipofika kwenye maneno hayo, watu wawili walikuwa wameshaandika hongera na mmoja ameuliza jina la mtoto.

Nikampigia nikamweleza kwamba jambo lenyewe litangulie, na kwamba aweke tu yale ambayo mtu wa upande huu atayafanyia kazi. Kifungo cha dereva hatutakishona. Akauliza kama mtoto wa dereva naye si wa kufanyiwa kazi, nikamwambia huyo ana wenyewe. Akasema ameelewa. Na kweli alielewa, kwa sababu Ijumaa aliandika hivi: "Boriti ya tatu kutoka mlangoni imeoza upande wa kushoto. Kidole inaingia mpaka kiungo ya kwanza. Urefu nimepima, hatua tano zangu na nusu. Nimetoa katoni kumi na mbili zilikuwa chini yake." Fundi alitoka Thika na mbao iliyotakiwa, misumari iliyotakiwa, na kabla ya chakula cha mchana boriti ilikuwa juu. Zamani fundi huyo angekwenda mara ya kwanza kuangalia, mara ya pili kupima, na mara ya tatu kutuambia kwamba mbao aliyoleta ni fupi.

Jumatatu kwenye mkutano wa wasimamizi niliusoma ujumbe wa boriti kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma somo kanisani. Mkurugenzi akasema idara zote ziige mfano huo. Nikapanua kifua. Nilitoka mkutanoni nikiwa mtu mrefu zaidi.

Jumanne, wakati wa chai ya saa nne, mama wa meza ya tatu alinijia na barua mkononi. Alikuwa bado amevaa kofia yake ya wavu, na unga wa biskuti ulikuwa kwenye nyusi zake. Barua ilisema kwamba kutokana na maoni ya msimamizi wake, mkataba wake hautaongezwa. Alikuwa amepanda mpaka ofisini kuuliza ni maoni gani, wakamwonyesha mstari wangu.

"Supavaiza," akasema, "ni matatizo gani?"

Nikamjibu kwamba ni yale ya hapa na pale. Nilijisikia nikiyasema.

"Hapa ni wapi?" Hakupaza sauti hata kidogo. "Nitajie moja tu. Nikienda kutafuta kazi kwingine wakiniuliza ni nini nilifanya, niwaambie nini? Mimi mwenyewe sijui."

Nikafungua mdomo nitaje moja. Nikatafuta kichwani kama mtu anayepapasa mfukoni akijua kabisa alikuwa na ufunguo. Nilikuwa na hakika kwamba kuna kitu, kwa sababu nilikuwa nikimwona nahisi uchungu fulani, na uchungu hauji bure. Lakini kitu chenyewe, mahali pake, siku yake, sikukipata. Wenzake walikuwa wameacha kunywa chai. Nikamwambia nitampa jibu, akaniuliza lini, nikasema kesho, akauliza kesho saa ngapi, nikasema saa nne. Alikuwa ameisikia ile sheria yangu ya mambo matano kama kila mtu.

Nilipanda ngazi nikiwa na hasira na ofisi ya wafanyakazi, maana lazima uanze na mtu. Afisa mwenyewe ni binti mpole anayeandika kila kitu kwa rula. Nilimuuliza ilikuwaje akamtoa mama wa watu kazini kwa maneno mepesi kama yale. Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Maneno mepesi? Mimi nilijua umemstahi," akasema. "Nilidhani ni pombe. Ama biskuti zinaenda nyumbani kwa mfuko. Hakuna msimamizi huandika mtu ni mlevi. Wote huandika matatizo ya hapa na pale."

Nikaketi bila kukaribishwa. Alikuwa amesema kweli. Sisi watu wa huku jambo kubwa tunalipunguza kwa adabu, ili msikiaji asiumie, na msikiaji naye, kwa kuwa amelelewa kwenye adabu hiyo hiyo, huliongeza tena mwenyewe kwa kipimo chake. Nilikuwa nimempigia kelele mzee wa watu juu ya uji wa vanila kwa kosa hilo hilo. Mzee alipoteza katoni. Mimi nilikuwa nimetumia njia ile ile kumpoteza binadamu, tena bila hata kujua ninapunguza nini.

Afisa akaniambia kwamba orodha ya mwisho itakwenda kwa mkurugenzi Ijumaa mchana. Kama matatizo si pombe wala wizi, niyaandike ni yapi, kwa karatasi, kabla ya hapo. Nikamuuliza kama haitoshi niandike tu kwamba sina tatizo na huyu mama. Akatabasamu kwa huruma. Akasema akisoma hivyo atajua nimeendewa nyumbani na kuombwa.

Nilishuka nikaomba rejista ya mahudhurio. Mwaka mzima mama yule alikuwa amechelewa mara mbili, mara moja kwa dakika sita, mara moja kwa dakika kumi na moja. Alikosa kuja siku moja, akaleta karatasi ya hospitali. Mimi mwenyewe nilikuwa nimechelewa mara tisa, ila sikuwa nimetumwa kutafuta hilo. Kisha nikachukua daftari la laini, ambalo kila siku msimamizi huandika yaliyotokea. Mwandiko ni wangu toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na nililifungua kwa matumaini, nikijua jinsi nilivyo mtu wa kueleza mambo.

Ukurasa wa kwanza: "Sawa." Wa pili: "Sawa." Wa tatu: "Sawa, mkanda unasumbua kidogo." Halafu sawa kumi na nne mfululizo, halafu sawa moja niliyoipigia mstari chini, sijui kwa nini, labda siku hiyo ilikuwa sawa kuliko nyingine. Kuna siku niliandika "Shida ndogo, imeisha." Kuna siku niliandika "Kama jana." Nikarudi jana, nikakuta "Kama kawaida." Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimekaa miaka minne nikiwaonyesha wenzangu ya kwao.

Katikati ya daftari nikakuta mstari huu: "Laini ilisimama kidogo asubuhi, tukaendelea." Hapo ndipo mwili ulipokumbuka kabla ya kichwa. Masikio yalianza kuwaka moto.

Sheria yetu ya wakati huo ilikuwa kwamba mtu wa meza haruhusiwi kubonyeza kitufe chekundu, kile kinachosimamisha mkanda wote, bila ruhusa ya msimamizi. Asubuhi ile mama wa meza ya tatu alikibonyeza bila ruhusa. Kila kitu kikasimama, biskuti zikaungua tanuruni, nikaja mbio nikiwa nimejaa hasira, na yeye akanifungulia kiganja. Ndani yake kulikuwa na nati. Ilikuwa imetoka kwenye kava ya mkanda na ikaja pamoja na biskuti, ikielekea kwenye pakiti, na kutoka kwenye pakiti ikielekea kwenye mdomo wa mtoto wa mtu. Fundi wa mitambo alikagua, akakuta nati mbili zaidi zimelegea. Tulikaa dakika arobaini. Fundi aliniuliza mbele ya watu kama niliikagua ile kava kabla ya kuanza zamu, kama fomu ya asubuhi inavyotaka, na nikasema ndiyo. Nilikuwa nimetia alama tu. Kava yenyewe sikuigusa.

Huo ndio uliokuwa uchungu wangu. Tangu siku ile nikimwona mama yule namwona kama mtu msumbufu, mtu wa mambo mengi, na sikuwahi kujiuliza amenisumbua nini. Alikuwa ameisitiri kampuni nzima isiingie matatani, nami nikaandika kwamba laini ilisimama kidogo, kwa sababu sentensi ndefu zaidi ingefika kwenye ile alama yangu. Niliona haya. Nilikaa kwenye kile kichumba cha madaftari peke yangu na nikaona haya kama mtoto aliyekutwa kwenye sukari.

Jumatano asubuhi nikaandika barua. Nilijaribu kwanza kuiandika bila ile alama ya fomu, na haikusimama, kwa maana msomaji angeuliza nati zilitoka wapi ikiwa kava ilikaguliwa. Jambo lililoelezwa sawasawa lina ubaya huo, linamtaka na jirani yake. Nikaandika yote: siku, mashine, nati zilikuwa ngapi, kava ya upande gani, nani alitia alama bila kukagua, nani alibonyeza kitufe na saa ngapi, na kwamba kati ya alichofanya yule mama na nilichofanya mimi, tatizo lilikuwa langu. Ikawa kurasa mbili. Nilikuwa sijaandika kurasa mbili tangu nilipomtongoza mke wangu, na zile zilikuwa rahisi kwa kuwa nilisema uongo kidogo.

Saa nne, kama nilivyoahidi, nikamwita kando na kumpa aisome kabla sijaipeleka. Lilikuwa jambo lake, na nilikuwa nimeshaandika juu yake mara moja bila kumwonyesha. Akajifuta mikono, akasoma akiwa amesimama, midomo ikienda na maneno. Akasema kwanza kwamba mwandiko wangu ni mbaya. Nikakubali. Akarudi ukurasa wa kwanza akaweka kidole.

"Hapa umeandika nilibonyeza saa nne na dakika ishirini."

Nikamwambia ndivyo kadi ya matengenezo ya fundi wa mitambo inavyosema.

"Kubonyeza ni hiyo. Lakini nati niliona saa nne na kumi, saa ya ukuta iko mbele yangu. Nilikuita. Ulikuwa kwa simu, ukaniambia ningoje. Nikakuita tena, ukaniinulia kidole." Akainua kidole chake kimoja, vile nilivyofanya. "Hizo dakika kumi nilikuwa natoa biskuti kwa mkono, moja moja, naangalia kama kuna nyingine. Sikupanga hata pakiti moja. Halafu nikaona siwezi kuzimaliza, nikabonyeza."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anarekebisha tu. Mimi nilikuwa nimesahau kabisa kwamba aliniita, na hata sasa sikumbuki nilikuwa naongea na nani kwenye ile simu, wala ilikuwa na maana gani. Kidole nilikikumbuka. Ninacho mpaka leo, ni hiki cha kulia, na huwa nakiinua bila kufikiri.

Sikumwomba msamaha pale. Nilichukua kalamu, nikaiandika ile sehemu upya mbele yake: kwamba aliiona nati saa nne na dakika kumi, aliniita mara mbili, na kwa dakika kumi nilimwambia angoje. Akasoma tena, akasema sasa ni sawa, peleka.

Afisa wa wafanyakazi aliisoma yote. Kwenye mstari wa dakika kumi alirudi akausoma tena, akautia alama kwa rula. Ijumaa orodha ilipobandikwa, mama wa meza ya tatu alikuwemo kati ya wale kumi na wanane, na chini yake kulikuwa na tangazo kwamba mtu yeyote wa meza akiona kitu kwenye mkanda abonyeze kwanza, aeleze baadaye. Mimi nililetewa barua ya onyo. Ilikuwa barua nzuri sana. Ilikuwa na siku, saa, mashine na idadi ya dakika, na sikupata ndani yake neno hata moja la kubishania.

Nilimwomba msamaha Jumamosi, kwa maneno, nikitaja kila kitu nilichokuwa naombea. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia amesikia. Hakusema amesamehe, nami sikuuliza.

Jumatatu katikati ya asubuhi nilikuwa kwenye simu na ofisi ya juu nilipomsikia akiniita kutoka meza ya tatu. Niliikata simu, mkurugenzi akiwa katikati ya neno, nikaruka juu ya marobota ya karatasi, nikafika nikihema na kuuliza kuna nini, iko wapi, ni ngapi. Mkanda ulikuwa unakwenda vizuri. Mkononi hakuwa na kitu, na mezani hapakuwa na shida yoyote. Aliitazama saa ya ukutani, kisha akanitazama mimi.

"Nusu dakika," akasema, na akaendelea kupanga biskuti.